Mjane wa Rowley na waliomnyima kuni

Nchini Marekani kuna vyama ambavyo mtu haingii kwa kulipa ada tu. Sharti aonyeshe kwa hati, kizazi baada ya kizazi, kwamba damu yake inatoka kwa mtu fulani. Chama cha Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani kilianzishwa mwaka 1890 kwa ajili ya wanawake ambao mababu zao walisaidia kupigania uhuru. Mwaka 1897 kikafuata cha wazao wa waliosafiri kwa meli ya Mayflower, iliyotia nanga pwani ya Massachusetts mwaka 1620. Na mwaka 1987, kwa mzaha uliochanganyika na fahari, kikaundwa chama cha wanawake wenye babu au bibi aliyeshtakiwa kwa uchawi katika makoloni kabla ya mwaka 1700.

Mtu anayeanza kuchimba nasaba yake huwa na matumaini makubwa. Anamtaka nahodha, mchungaji wa kanisa, au angalau askari aliyepata cheo. Akishazama kwenye majalada, anayemkuta mara nyingi ni mwanamke aliyefiwa na mume, asiye na shamba wala wasia, ambaye kila karani ameliandika jina lake kama alivyolisikia. Hana picha, hana barua, na kaburi lake halijulikani liliko. Hata hivyo hakupita duniani bila kuandikwa. La kujiuliza ni nani mwingine alikuwa na sababu ya kumwandika. Na sababu zenyewe, kwa mjane maskini wa karne ya 17 au ya 18, mara chache zilikuwa za mapenzi.

Mfano ni Margaret Scott wa Rowley.

Alizaliwa Uingereza yapata mwaka 1615, jina lake la ukoo likiwa Stevenson. Mwaka 1642 aliolewa na Benjamin Scott katika mji wa Braintree, kusini mwa Boston. Baadaye familia ikahamia Cambridge, na kufikia mwaka 1651 ilikuwa Rowley, makazi ya wakulima na mafundi wa nguo yaliyo kilomita zipatazo 25 kaskazini mwa Salem. Rowley ilianzishwa mwaka 1639 na Mchungaji Ezekiel Rogers na kundi alilotoka nalo Yorkshire. Watu hao walikuja na ufundi wao, na mwaka 1643 wakasimamisha kinu cha kwanza cha kusindika nguo za sufu katika makoloni ya Kiingereza. Walikuwa wakijuana tangu ng'ambo, wameoana, wamegawana mashamba. Akina Scott waliwakuta wakiwa wameshatulia. Margaret alizaa watoto saba, na katika hao watatu tu ndio waliofikia utu uzima.

Hayo ndiyo karibu yote yanayojulikana juu ya miaka yake 29 ya ndoa. Karatasi zinaanza kuwa nzito pale mume anapokufa, mwaka 1671.

Katika makoloni ya New England, kifo cha mwenye mali, hata mali iwe kidogo kiasi gani, kiliwaleta wathamini nyumbani. Wanaume wawili au watatu wa jirani waliingia chumba hadi chumba wakiandika walichokiona: chungu cha chuma, godoro la manyoya, blanketi kuukuu, shoka, ng'ombe wa maziwa, debe la nafaka, kila kimoja na bei yake. Orodha hiyo ikapelekwa mahakamani. Kwa mzao anayesoma leo, hakuna hati inayomwingiza ndani ya nyumba ya bibi yake kwa ukaribu kama hii. Ukubwa wa nyumba unajulikana kwa mpangilio wa vyumba. Kama hakuna gurudumu la kusokotea, mama wa nyumba hakuwa na kipato cha uzi. Kama hakuna Biblia, hilo nalo linasema jambo katika nchi ya Wapuritani, Waprotestanti walioshika dini kwa ukali.

Mali yote ya Benjamin Scott ilithaminiwa kuwa pauni 67 na shilingi 17. Margaret aliishi miaka 21 baada ya hapo. Ukizigawa pauni hizo kwa miaka hiyo, kana kwamba kila kitu kingeweza kuuzwa na kuliwa, zinatoka pauni tatu na shilingi nne na ushei kwa mwaka. Lakini hata hesabu hiyo inamkadiria kwa ukarimu, kwa sababu mali ya marehemu haikuwa ya mjane. Sheria ya Kiingereza, iliyofuatwa na makoloni, ilimpa theluthi ya ardhi na nyumba aitumie maisha yake yote bila ruhusa ya kuiuza. Akifa inarudi kwa warithi. Zipo hati nyingi za New England ambamo theluthi hiyo imekatwa kwa kamba na futi: mjane apate chumba cha upande wa magharibi, njia ya kupanda ngazi, zamu ya kutumia tanuri, haki ya kuchota kisimani. Aliyekuwa mama mwenye nyumba akageuka mpangaji wa mwanawe. Kama mkwe ni mkali, kila ngazi ni ugomvi.

Margaret hakuolewa tena. Wanaume waliofiwa na wake zao walioa upesi, maana shamba lilihitaji mikono ya mwanamke. Mjane aliyekaribia miaka 60, asiye na kitu, hakuwa na mposaji. Kwa hiyo jina lake halikubadilika, na hilo kwa mtafiti ni bahati njema iliyotokana na bahati mbaya ya mwenyewe. Wajane walioolewa mara mbili au tatu hupotea kabisa katika vitabu vya kanisa, kwa kuwa kila ndoa iliwavika jina jipya na kulifukia la zamani.

Kuna mitego mingine. Hadi mwaka 1752 makoloni ya Uingereza yalihesabu mwaka mpya kuanzia tarehe 25 Machi, kwa hiyo tukio la Februari 1691 la wakati ule kwetu ni la Februari 1692, na makarani waangalifu waliandika miaka yote miwili kwa mkwaju. Mtu asiyelijua hili anaweza kumzika bibi yake kabla hajazaa. Majina nayo yanajirudia mno. Miaka mia moja na ushei baada ya Margaret Stevenson wa Braintree kuolewa, London ilikuwa na Margaret Stevenson mwingine, mjane pia, ambaye tutamkuta mbele kidogo. Hawana uhusiano wowote, ila mitandao ya nasaba imejaa watu waliounganishwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Baada ya 1671, basi, Margaret anafifia. Hapo wengi hukwama. Wanaofaulu kuendelea na wajane wa aina hii ni wale wanaoacha kumtafuta mhusika na kuanza kufuata fedha ambazo mji haukutaka kuzitumia.

Tuhamie Boston kwa muda. Mwaka 1742 mji huo ulihesabu wakazi 16,382. Wathamini wa kodi walikuta wajane wapatao 1,200, na wakaeleza kwamba 1,000 kati yao walikuwa na hali duni. Ilikuwa bandari, na bahari haikurudisha mabaharia wote. Vita vya wafalme wa Ulaya vilimaliza waliobaki. Miaka mitatu baadaye, vijana wa Massachusetts walipelekwa kuiteka ngome ya Wafaransa ya Louisbourg. Waliiteka, kisha magonjwa yakawaua kwa mamia wakiwa walinzi wa ngome hiyo, na hesabu ya wajane ikapanda tena. Matajiri wa Boston waliunda shirika la kuwapa maskini kazi, na mwaka 1753 wakafungua jengo la kusokotea na kufumia kitani ambamo wajane na watoto wangejipatia riziki. Mradi ulikufa kabla ya muongo kwisha. Wanawake wengi hawakutaka kukaa kiwandani siku nzima wakiwa na watoto wachanga nyumbani, walipendelea kusokota karibu na jiko lao. Wafadhili hawakuwa wamewauliza.

Fedha za kuwatunza maskini zilitoka kwenye kodi ya mji, na kila mji uliwajibika kwa watu wake tu. Ndiyo maana swali la nani ni mtu wa wapi liliandikiwa karatasi nyingi kuliko swali la nani ana njaa. Mgeni asiye na uwezo alionywa rasmi kwamba aondoke. Boston ilimpa kazi hiyo mtu aitwaye Robert Love, ambaye kuanzia mwaka 1765 hadi 1774 alizunguka gatini na vichochoroni akiwauliza wageni jina, walikotoka mwisho na wamefikia kwa nani, kisha akawapa kwa jina la Mfalme siku 14 za kuondoka. Aliwaonya watu wapatao 4,000 na kuandika habari zao katika madaftari. Wanahistoria Cornelia Dayton na Sharon Salinger, walioandika kitabu juu yake mwaka 2014, wanaeleza kuwa onyo hilo halikuwa na maana kwamba mtu angefukuzwa kweli. Wengi walibaki. Lililotakiwa ni ushahidi: mgeni akija kuanguka katika umaskini, gharama zake zilipwe na serikali ya jimbo na si na mji. Kwa maneno mengine, ulikuwa uhasibu. Na kwa sababu ya uhasibu huo, mwanamke aliyepita Boston wiki tatu tu, akiwa na mtoto mgongoni na bila cheti chochote, ana mistari minne inayosema alilala kwa nani.

Jirani zao wa Rhode Island walikuwa wakali zaidi. Pale baraza la mji lilimwita mgeni na kumhoji maisha yake: alizaliwa wapi, alitumikia kwa nani, ameolewa na nani. Likiona si wake, lilimkabidhi kwa askari wa mji amfikishe anakostahili. Na anakostahili mjane palikuwa kwa mumewe. Sheria ilihesabu makao ya mke kuwa makao ya mume, hivyo mwanamke aliweza kusafirishwa hadi mji ambao hajawahi kuukanyaga, kwa kuwa tu marehemu alizaliwa huko. Ruth Wallis Herndon alikusanya mahojiano hayo na mwaka 2001 akatoa kitabu chenye maisha 40 ya watu waliokataliwa namna hiyo. Ukiyasoma mfululizo unaona kitu kisicho cha kawaida katika kumbukumbu za karne ya 18: maskini wakieleza wasifu wao, kwa mpangilio, mbele ya mwandishi. Walieleza wakiwa wamelazimishwa, wala hawakuruhusiwa kuchagua maswali, lakini walieleza.

Wanawake wenye asili ya Afrika na Waindio, wenyeji wa asili wa huko, ni wengi katika majalada hayo kuliko idadi yao mitaani. Kuwafuata ni kazi ngumu maradufu. Mwaka 1997 Herndon na Ella Sekatau, mwanahistoria wa watu wa Narragansett, walionyesha jinsi makarani wa Rhode Island walivyowabadilisha Waindio kwa kalamu, wakiacha kuwaandika kwa kabila lao na kuwaita Weusi. Mzao wa mjane wa Kinarragansett anaweza kumfuata bibi yake mpaka kwenye ukurasa fulani na kumpoteza hapo hapo, ingawa mwenyewe hajahama wala hajafa.

Watoto wa mjane nao huacha nyayo. Wasimamizi wa maskini walikuwa na mamlaka ya kuwatoa watoto kwa mama asiyeweza kuwalisha na kuwafunga kwa mkataba katika nyumba za wengine, wasichana mpaka miaka 18 au waolewe, wavulana mpaka 21. Mikataba hiyo ilichapishwa kwa fomu, ikijazwa jina, umri, na ahadi ya bwana kumfundisha mtoto kusoma. Wazee wasiojiweza walitolewa kwa mnada wa kinyumenyume, mshindi akiwa yule aliyetaja bei ndogo ya kuwatunza kwa mwaka. Aliyetaja bei ndogo alijua pia namna ya kupunguza sahani.

Ni nadra sana mmoja wa wanawake hawa kusikika kwa sauti yake. Jane Mecom ni mmoja. Baba yake, Josiah Franklin, alikuwa mtengeneza sabuni na mishumaa wa Boston mwenye watoto 17. Mvulana wa mwisho alikuwa Benjamin, aliyezaliwa 1706 na ambaye sura yake sasa iko kwenye noti ya dola 100. Kitinda mimba alikuwa Jane, aliyezaliwa 1712. Benjamin alitoroka nyumbani akiwa na miaka 17. Jane aliolewa akiwa na miaka 15 na Edward Mecom, fundi wa matandiko ya farasi ambaye madeni hayakumwacha. Alizaa watoto 12 na kuwazika 11. Alishona kijitabu kwa mkono wake, akakiita kitabu cha umri, akaandika humo nani amezaliwa na nani amekufa. Kijitabu hicho kimehifadhiwa Boston katika Chama cha Kihistoria na Nasaba cha New England, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1845.

Edward alifariki 1765. Jane, mwenye miaka 53, aliendelea kupokea wapangaji, kisha akajaribu biashara ya kofia na mapambo ya wanawake. Bidhaa zilinunuliwa London na mama mwenye nyumba aliyempangisha kaka yake, yule Margaret Stevenson wa pili. Biashara haikuota mizizi: wazalendo wa Boston walianza kususia bidhaa za Uingereza, na riboni za Jane zikawa siasa. Wanawe wawili walipata wazimu. Mmoja alifungiwa kwa familia moja ya mashambani, gharama zikilipwa na mjomba. Mwingine alipotea wakati wa vita na hakuonekana tena. Mwaka 1775, Boston ilipozingirwa, Jane alikimbilia Warwick, Rhode Island, kwa rafiki wa familia, Catharine Greene.

Barua zake zilisalia kwa sababu mpokeaji alikuwa mtu mkubwa na karatasi zake zilitunzwa. Hakuna sababu nyingine. Aliandika kwa tahajia ya kubahatisha na kuomba radhi kwa hilo, maana wasichana wa tabaka lake walifundishwa kusoma Biblia, kuandika kukawa mambo ya kaka zao. Katika tawasifu yake mashuhuri Franklin hamtaji dada huyu, ambaye kwa hesabu ya mwanahistoria Jill Lepore Franklin alimwandikia barua nyingi kuliko alivyomwandikia mtu mwingine yeyote. Lepore alichapisha maisha ya Jane mwaka 2013. Katika wasia wake Franklin alimwachia nyumba ya mtaa wa Unity, Boston, na pauni 50 kila mwaka. Jane alifariki 1794. Nyumba hiyo ilibomolewa mwaka 1939 ili kupendezesha eneo la kumbukumbu ya Paul Revere, shujaa mwingine wa mapinduzi.

Margaret Scott hakuwa na kaka wa namna hiyo. Alikuwa na majirani, na mwaka 1692 majirani wakapata mahali pa kusemea.

Salem si jina geni kabisa kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Katika karne ya 19 meli za mji huo zilishusha Unguja vitambaa vya marekani na kupakia pembe na sandarusi, na mfanyabiashara wa Salem, Richard Waters, akawa konseli wa kwanza wa Marekani kisiwani mwaka 1837. Lakini duniani kote Salem inajulikana zaidi kwa mwaka mmoja. Mapema 1692 wasichana wa kijiji jirani walianza kupatwa na degedege na kutaja waliowaroga. Mwezi Mei Gavana William Phips aliunda mahakama maalumu. Kabla ya mwaka kwisha zaidi ya watu 150 walikuwa wameshikwa, 19 wamenyongwa, na mzee mmoja, Giles Corey, amekufa akigandamizwa kwa mawe kwa kukataa kujibu mashtaka.

Kutoka Rowley alishtakiwa mjane mmoja. Alihojiwa tarehe 5 Agosti. Miongoni mwa walalamikaji alikuwamo Frances Wicom, binti wa Kapteni Daniel Wicom, pamoja na wasichana wengine waliosema kivuli cha Margaret kiliwajia na kuwasonga. Ushahidi wa vivuli ndio uliowavutia majaji. Kwa mtafuta nasaba, hauna faida yoyote: mzuka wa Margaret haumwambii mtu alikula nini.

Walioeleza maisha yake ni mashahidi wa pili, wanaume wenye mashamba, waliokuja na kinyongo cha miaka mitano au sita. Thomas Nelson alieleza kwamba Margaret alimwomba kuni mara kadhaa na kutaka ziletwe upesi. Hakuzipeleka kama alivyotaka. Baadaye ng'ombe wake wakakutwa wamekufa zizini kwa namna isiyo ya kawaida, na tangu hapo moyo wake haukumkalia vizuri mama huyo. Kapteni Wicom alieleza kwamba Margaret alimwendea akitaka kuokota masazo ya mahindi shambani kwake. Akamjibu asubiri mpaka atakapokwisha kuyatoa mahindi yake. Margaret akamwambia kuwa huenda asiyatoe siku hiyo. Wicom alipopakia gari, maksai wakagoma kuelekea nyumbani, na mahindi kweli yakalala shambani.

Ukiondoa shetani, kinachobaki ni siku ya kawaida ya mwanamke mzee. Hana kuni, na majira ya baridi ya Massachusetts hayasamehi. Hana shamba, kwa hiyo anasubiri wengine wavune. Anajua ni nyumba zipi za kuzungukia na anarudi kule kule anakoombwa radhi au kufokewa. Si mnyenyekevu, anadai kuni zije sasa, si kesho, na akinyimwa ana neno la kusema. Wapuritani, waliokijua Kitabu cha Ruthu kuliko majina ya wajukuu zao, walifahamu fika kwamba Torati iliwaachia masazo mgeni, yatima na mjane. Wicom kama mkulima alikuwa na hoja: hakuna anayeruhusu waokotaji kabla gari halijatoka. Ila alikuwa akimwambia asubiri mtu ambaye haki yake imeandikwa katika kitabu anachokisoma kila jioni, na yaelekea jambo hilo lilimkera Wicom mwenyewe.

Alan Macfarlane na Keith Thomas, waliochunguza mashtaka ya uchawi Uingereza na kuchapisha matokeo yao mwaka 1970 na 1971, walikuta mtiririko huu huu mara nyingi: maskini anaomba, anakataliwa, anaondoka akinung'unika, kisha balaa linampata aliyekataa. Anayeugua dhamira humgeuza mwombaji kuwa mkosaji. Carol Karlsen, katika kitabu chake cha 1987, alitilia mkazo jambo jingine, kwamba wengi wa walioshtakiwa New England walikuwa wanawake ambao urithi ungeangukia mikononi mwao kwa kukosa kaka au wana. Hoja ya Karlsen inawafaa wajane wenye kitu. Margaret hakuwa na cha kunyang'anywa. Kwake maelezo ya Macfarlane na Thomas yanakaa barabara, na kama wangetafuta mfano wa kuutungia sura ya kitabu wasingepata bora zaidi.

Tarehe 22 Septemba 1692 alinyongwa pamoja na wengine saba. Alikuwa na umri wa miaka 77 hivi. Robert Calef, mfanyabiashara wa Boston aliyeandika kitabu cha kuilaumu kesi nzima mwaka 1700, anasimulia kwamba gari lililowapandisha kilimani lilikwama kwa muda, na walalamikaji wakasema shetani ndiye aliyelizuia. Hilo lilikuwa kundi la mwisho. Mwezi uliofuata gavana akaivunja mahakama.

Familia za waliouawa zilianza kudai. Mwaka 1711 bunge la Massachusetts lilifuta hukumu za watu 22, na gavana Joseph Dudley akaidhinisha fidia ya pauni 578 na shilingi 12. Wazao wa John Proctor walipata pauni 150. William Good alipata 30 kwa ajili ya mkewe Sarah, ingawa yeye mwenyewe alitoa ushahidi dhidi ya mke huyo. Jina la Margaret Scott halimo, kwa kuwa ndugu zake hawakuleta maombi. Hakuna hati inayosema ni kwa nini. Walikuwa wangali wakiishi miongoni mwa akina Wicom na akina Nelson, na kuandika ombi kulihitaji mtu wa kuliandika.

Mwaka 1957 jimbo lilipitisha azimio la kumsafisha Ann Pudeator, likataja na watu wengine fulani bila kuwaita kwa majina. Margaret akabaki ndani ya wengine fulani kwa miaka 44. Tarehe 31 Oktoba 2001, baada ya msukumo wa wazao na watu wa Salem, Kaimu Gavana Jane Swift alisaini sheria iliyowataja wanawake watano waliokuwa wamesalia kati ya walionyongwa: Bridget Bishop, Susannah Martin, Alice Parker, Wilmot Redd na Margaret Scott. Mwaka 2016 watafiti walithibitisha kwamba mahali pa kunyongea palikuwa Proctor's Ledge, mteremko mdogo wa mawe ulio nyuma ya duka la dawa, na mwaka uliofuata yakawekwa pale majina 19. Nyaraka za kesi zilirejeshwa mwaka 2023 chini ya Mahakama Kuu ya jimbo, na Chuo Kikuu cha Virginia kimeziweka kwenye intaneti, hivyo malalamiko ya Wicom juu ya maksai wake yanaweza kusomwa bure kwa simu.

Orodha ya waliosafishwa ilikuwa bado na pengo. Elizabeth Johnson wa Andover alihukumiwa kifo mwaka 1693 akanusurika, ila hukumu yake haikufutwa, pengine kwa kuwa alichangia jina na mama yake, aliyekwisha kusafishwa. Hakuolewa wala hakuzaa, kwa hiyo hakuwapo mzao wa kubisha hodi bungeni kwa niaba yake. Kazi hiyo ilifanywa na wanafunzi wa darasa la nane wa North Andover na mwalimu wao, na mwezi Julai 2022 jina lake likapita, likiwa limechomekwa katikati ya vifungu vya bajeti ya jimbo.